Taa ya Kujificha

Desemba jua halifiki kwenye fiodi yetu.
Hupita nyuma ya mlima kama mtu mwenye deni;
tunaona ukosi wa shati lake, uso hatuuoni.

Saa moja asubuhi, bado usiku,
Sjur anawasha winchi. Waya unalia.
Nimekumbatia kikombe cha kahawa kwa mikono miwili
maana glavu hazijakauka tangu juzi.

Chini yetu, mita mia nne, wavu unaburura tope.
Tunachotaka ni kamba, wale wekundu,
tuwachemshe humu humu mashuani kwa maji ya bahari,
Ijumaa tuwauze gatini kwa kopo.
Lakini wavu haujui kuchagua.
Unatumwagia mezani chote ulichokikuta:
kaa, chupa, samaki waliotumbuka macho kwa kupandishwa mbio,
na yeye.

Urefu wake toka kiwiko changu hadi ncha ya kidole.
Mweusi tititi, ngozi ya msasa laini,
macho ya kijani, makubwa kupita kichwa kilivyoomba,
mwiba mmoja mbele ya kila pezi la mgongo.
"Papa mweusi," Sjur akasema. "Hana bei."
Babu yake aliyachemsha maini ya hawa,
mafuta yakawaka kwenye kandili msimu mzima;
siku hizi tunawatupa tu, shakwe wakigombana.

Huyu sikumtupa.
Nilizima taa ya sitaha, Sjur akatukana,
nikamgeuza chali kiganjani.
Kwanza hapakuwa na kitu.
Kisha, polepole, tumbo likaanza kukumbuka:
buluu, ile ya jiko la gesi lililopunguzwa hadi mwisho,
isiyochoma, isiyotosha hata kusomea jina langu.
Na kando ya miiba, nyuzi mbili za mwanga.
Aliwaka hivyo, akifa.

Ragnfrid wa kituo cha utafiti, anayekuja kuchukua ndoo za mabaki,
ndiye aliyenieleza. Huko anakoishi, mchana
ni vumbi la mwanga tu linalodondoka kutoka juu,
na mwenye njaa hukaa chini, akiangalia juu,
akitafuta kivuli.
Kwa hiyo huyu mdogo huwasha tumbo lake
sawasawa na mwanga unaomwangukia mgongoni,
usizidi, usipungue,
mpaka kivuli chake kifutike.
Miiba husema kwa sauti: ukinimeza, utajuta.
Tumbo husema: hapa hapana mtu.

Taa ya kujificha!
Nilicheka. Ragnfrid hakucheka; alikuwa akifunga kifuniko.

Jioni, tukirudi, niliyahesabu madirisha ya kijiji.
Thelathini na moja, kila moja na kinara chake cha Krismasi,
mishumaa saba ya umeme,
pamoja na la shangazi Gudlaug.
Tangu Machi, tulipomzika Torleiv,
taa yake haijakosa jioni hata moja.
Watu hupita wakasema: kawasha, basi hajambo.
Hata mimi. Miezi tisa nimepita na baiskeli,
nikaona dirisha linang'aa kadiri ya jirani zake,
si zaidi, si pungufu,
nikakanyaga pedali.

Nyumba njema si mlango, twajua.
Nani alituambia ni dirisha?

Sasa nimesimama kwenye ngazi zake,
theluji ndani ya kiatu, kilo mbili za kamba mkononi,
mtu anayetazama kutoka chini.
Nimebisha.
Kinara hakikutikisika.
Nimebisha tena, nikataja jina langu.
Ndani, mbali na dirisha,
kiti kimeburutwa.